Siku tisa nililalia samansi

Watu wangu, najua mmekuwa mkiuliza kwa nini nilinyamaza. Wiki tatu bila video, bila hata ile salamu yangu ya asubuhi kutoka Mikinduri. Wengine mlisema nimeenda Nairobi kutafuta kazi. Wengine mkasema nimeokoka na nimeacha mambo ya dunia. Kuna mmoja alisema nimeoa.

Ukweli ni kwamba nilishtakiwa.

Hapana, sikushikwa na polisi. Ni kesi ya madai. Mfanyabiashara mmoja anasema nilimchafulia jina kwa video yangu, na anataka korti iniamuru nimlipe. Sitamtaja, sitataja biashara yake, na tafadhali msianze kukisia. Kesi iko mbele ya hakimu na wakili wangu ameniambia waziwazi kwamba ya kesi yabaki kwenye kesi. Kwa hivyo leo naongea juu yangu tu, na juu ya zile siku tisa nilizolala na karatasi ya korti chini ya godoro nikijifanya haipo.

Nina neno moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: kuficha kesi kunammaliza mtu haraka kuliko kesi yenyewe.

Venye ilianza

Kabla ya samansi ilikuja barua ya wakili, kwa WhatsApp. Ilinitaka nifute video na niombe msamaha hadharani ndani ya siku saba. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikapiga picha ya skrini, nikaiweka kwa stetasi na emoji tatu za kucheka. Marafiki wakanipongeza. "Buda, umefika! Sasa unaandikiwa na mawakili!" Nikajiona mtu mkubwa.

Miezi miwili baadaye jamaa mwenye shati jeupe alishuka kwa boda mbele ya boma letu, akauliza jina langu, akanipa karatasi na kuniomba niweke sahihi kuonyesha nimezipokea. Niliweka sahihi kabla ya kusoma. Alipoondoka ndio nikaona muhuri wa korti, na majina yangu yote matatu, yale ambayo hutumika tu kwa kitambulisho na kwa matangazo ya mazishi.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na mikono yangu ilikuwa baridi.

Samansi ilinipa siku 15 za kujitokeza kortini. Lakini sikufika hata hiyo sehemu. Nilisoma mistari minne, nikazikunja karatasi, nikaziweka chini ya godoro. Halafu nikaenda stendi kupiga stori na wasee wa boda kana kwamba hakuna kitu.

Usiku ndio ulikuja na kesi yake. Moyo unadunda mpaka unausikia kwa mto. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na kwetu, najua ni yule jamaa amerudi. Simu ikiita na ni namba ngeni, sishiki. Chakula hakina ladha. Kamera nikiishika naona kila neno nitakalosema ni kesi nyingine, naiweka chini.

Na kwa sababu hapa kwetu miraa haikosi, nikaanza kukesha nayo. Nilijiambia natafuna ili niwaze vizuri nipate suluhisho. Maze, saa tisa usiku ukiwa handas unaweza kujitetea mbele ya majaji saba na ukashinda kesi yote kichwani. Asubuhi huna usingizi, huna suluhisho, na siku moja imepungua kati ya zile 15. Nimeona wengine wakifanya vivyo hivyo kwa chupa. Ni kitu kilekile. Unanunua usiku mmoja na kuulipia kwa siku mbili.

Godoro lilelile

Siku ya tisa shosho aliamua kuanika malazi juani. Mimi nilikuwa mtoni. Niliporudi nilimkuta ameketi kwa kigoda, karatasi ziko mapajani, hajazifungua hata. Shosho hasomi Kiingereza. Akaniangalia akaniuliza kwa upole, "Mume wangu, ni ile barua ya shule tena?"

Wacha nieleze kwa wale si wa huku. Nimepewa jina la babu yangu, mume wake, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto ananiita mume wake. Na hiyo "barua ya shule" ni stori ambayo sijawahi kuwaambia hapa.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nimezoea kusema niliacha ili nifanye kontenti. Inasikika poa. Lakini ukweli ni kwamba karo ilikwama, chuo kikaniandikia barua, na barua hiyo ilinipa nafasi ya kuomba kuahirisha masomo kabla ya tarehe fulani. Sikuomba. Nilikuja nayo nyumbani, nikaiweka chini ya godoro hilihili, nikaambia kila mtu tuko likizo. Tarehe ikapita. Shosho ndiye aliyeipata, miezi kadhaa baadaye, akianika malazi.

Kwa hivyo aliposema "tena", nilikaa chini kwenye nyasi nikalia. Nina miaka 23, nina ndevu, nina wafuasi elfu kadhaa wanaonifikiria mkali, na nililia mbele ya shosho kama mtoto aliyevunja chungu.

Hakunigombeza. Alinisimulia habari za babu. Wakati ardhi za Tigania zilipokuwa zikipimwa na kugawanywa, babu alikuwa na kesi ya shamba iliyomchukua miaka mingi. Kila aliposikia tarehe imetajwa alienda. Mara nyingine kwa miguu. Mara nyingine alifika akaambiwa hakimu hayuko, akarudi. Nikamuuliza shosho kama hakuwa anaogopa. Akasema, "Aliogopa sana. Lakini alikuwa akirudi jioni ananiambia mambo yote, halafu anakula, halafu analala."

Sijawahi kusikia ushauri bora zaidi kuhusu stresi ya kesi. Nenda siku ikitajwa. Rudi useme. Kula. Lala.

Karatasi inasema nini hasa

Zilikuwa zimebaki siku sita. Nikapanda matatu kwenda Meru kuonana na wakili mchanga ambaye familia yetu inamfahamu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia nitafungwa lini. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulipewa hizi tarehe ngapi?" Nilipomwambia, akapumua. "Bado uko ndani ya muda."

Hapo ndipo nilielewa. Samansi inakuambia kuna mtu amelalamika juu yako, njoo useme upande wako. Hakuna aliyekwisha kuamua. Unajulisha korti kwamba upo na utajitetea, kisha unaweka utetezi wako kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Katiba yetu, kifungu cha 50, inampa kila mtu haki ya kusikizwa na korti isiyopendelea. Ile karatasi niliyoilalia ilikuwa haki yangu ya kusikizwa, na mimi niliigeuza kuwa mzimu.

Kuna hatari ya kweli, lakini inakaa mahali pengine. Usipojibu, anayekushtaki anaweza kuomba korti iendelee bila wewe. Hukumu inaweza kutoka ukiwa stendi unapiga stori. Ndiyo, unaweza kuomba hukumu ya namna hiyo iondolewe, lakini hapo unaomba huruma ya hakimu, una maelezo ya kutoa, na wakili wako anaanza hesabu upya.

Tena usidhani utajificha kwa kutopatikana. Tangu sheria za mashtaka ya madai zilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2020, samansi inaweza kutumwa kwa barua pepe au kwa WhatsApp. Na inahesabiwa umeipata pale simu ya aliyetuma inapoonyesha ujumbe umefika. Zile tiki mbili. Hazihitaji kugeuka buluu. Sisi vijana tulioshindikana kwa kusoma ujumbe bila kufungua, hapo tumepatikana.

Jamaa mmoja wa boda hapa kwetu alidaiwa pesa za pikipiki. Akashtakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ile ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Hiyo korti unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Alikuwa na risiti za M-Pesa zinazoonyesha amelipa zaidi ya nusu. Hakwenda. Aliona aibu kuonekana kortini. Korti iliamua kwa karatasi za upande mmoja, na pikipiki ikaenda. Risiti bado anazo kwa simu. Ananionyesha kila tukikutana.

Hofu tatu ambazo zinatukosesha usingizi bure

Ya kwanza ni jela. Hapa kwetu ukisikia "amepelekwa kortini" picha inayokuja ni pingu. Lakini kesi ya madai haianzi na jela. Kuna kitu kinaitwa jela ya madeni, sitawadanganya, na iko kwa sheria. Ila kufika huko lazima hukumu itoke, uitwe ueleze kwa nini hujalipa, na korti iridhike, kwa mfano, kwamba unazo pesa na umekataa kulipa au unataka kutoroka. Kukosa pesa peke yake hakutoshi. Martha Koome, mtoto wa Meru ambaye leo ni Jaji Mkuu, alipokuwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka wa 2010 aliandika kwamba kumfunga mtu kwa sababu ameshindwa kutimiza deni la mkataba kunapingana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Majaji wengine baadaye wamesema jela hiyo bado ipo, lakini masharti yake yafuatwe yote.

Ya pili ni polisi, hasa kwa sisi wa mitandao. Zamani kumchafulia mtu jina kungeweza kukupeleka jela kama mhalifu. Februari 2017 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, ikasema kinakiuka Katiba. Tangu hapo kuchafua jina ni jambo la kudaiana fidia. Lakini usianze kuruka: sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 nayo ilipotungwa iliweka adhabu kwa kuchapisha habari za uongo kwa makusudi.

Ya tatu ni madalali. Nilikuwa nawaona wakibeba hata sufuria ya shosho. Kwanza, vitu vya shosho ni vya shosho, si mali yangu. Pili, hata kwa mali ya aliyeshindwa kesi, sheria yetu inataja vitu ambavyo haviguswi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi, na vifaa ambavyo mtu anavihitaji kufanyia kazi yake. Nilipomuuliza wakili kama simu yangu ni jembe langu, alicheka, akasema hiyo ni hoja nzuri ya kumpelekea hakimu tukifika huko, na hatujafika. Nilitoka ofisini kwake nikijua kwamba hata nikishindwa, godoro langu ni langu. Usiku huo nililala saa sita mfululizo.

Angalia vizuri. Hakuna chochote kwenye kesi kilichokuwa kimebadilika. Nilikuwa nimejua tu ukubwa wake. Kitu kisichopimwa hukua usiku.

"Lakini korti ni ya wenye pesa"

Najua mtaniambia hivyo, na sitabisha sana. Kuna watu hushtaki wakijua hawatashinda. Wanajua wewe utalipa nauli, utalipa wakili, utapoteza siku za kazi, na mwishowe utanyamaza. Kesi yenyewe inakuwa adhabu. Na viwango vya fidia vinatisha. Mwaka wa 2000 Nicholas Biwott alipewa na korti shilingi milioni 30 kwa sababu ya kitabu.

Lakini hebu tuangalie. Mwaka wa 2016 Boniface Mwangi alishtakiwa na William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, kwa sababu ya twiti. Nani mwenye nguvu zaidi ya hapo? Mwangi hakuzima simu. Alijibu kupitia wakili. Mimi si Boniface Mwangi, na mfanyabiashara wa kwetu si Naibu Rais. Ila somo ni lilelile: mwenye pesa anayetaka unyamaze anashinda kwa urahisi zaidi ukijificha kuliko ukijibu.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa Meru hatuwezi kulisahau. Disemba 2023 tulimpoteza bloga Daniel Muthiani, mliyemjua kwa jina la Sniper. Alitoweka, na mwili wake ukapatikana mtoni huko Tharaka Nithi. Kesi ya mauaji yake ilipelekwa kortini na sitasema neno juu ya nani alifanya nini. Nasema hivi tu. Nilipomkumbuka Sniper, ile karatasi ilibadilika machoni pangu. Mtu aliyekasirishwa na maneno yangu alikuwa ameenda kwa wakili, amelipa ada ya korti, na amesema "njoo tubishane mbele ya hakimu". Hasira zote zinazoletwa na video zetu zingepitia mlango huo, tungekuwa hai sisi sote.

Nilikosea wapi

Sasa hii sehemu ni ngumu kuandika, lakini nikiruka nitakuwa mnafiki.

Nilipofungua karatasi na kusoma madai moja baada ya jingine, niligundua kuna kitu kimoja kwenye video yangu nilichokiona kwa macho yangu, na kingine niliambiwa tu na mtu nikakisema kana kwamba nilikiona. Cha kwanza nitakitetea. Ukweli ni ngao katika kesi ya kuchafua jina. Cha pili sina ngao. Nilijua sina tangu siku ya kwanza. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kushindwa kulala.

Kwa ushauri wa wakili, nimesahihisha ile sehemu ya pili hadharani. Mliiona, na wengine mlinitukana kwamba nimenunuliwa. Sijanunuliwa. Nimepunguza mzigo. Stresi ya kushtakiwa kwa kitu ulichofanya vizuri na stresi ya kushtakiwa kwa kitu unachojua ulikosea hazifanani, na hii ya pili hakuna miraa wala maombi yanayoiondoa. Inaondolewa na kusema "hapo nilikosea".

Na kwa wenzangu wa kontenti, si maneno tu. Picha pia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga baa moja Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule ya Roma ya Uthiru ikapigwa milioni 4.55 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisi tunapiga watu picha sokoni kila siku na kuweka muziki juu. Tuulize kwanza. Ni swali la sekunde tatu.

Kilichonisaidia

Sina mbinu za ajabu. Nitasema nilichofanya.

Niliwaambia watu watatu, na watatu tu. Shosho, wakili, na rafiki mmoja ambaye najua hana stetasi ndefu. Sikuwaambia wafuasi mpaka leo. Kusema kila mahali kunaweza kukuumiza kortini, na kutosema popote kunakuumiza kifuani.

Niliipa kesi saa yake. Jumanne jioni, saa moja nzima, nasoma karatasi, najibu maswali ya wakili, natafuta ushahidi, naweka risiti na video halisi kwa faili. Ikianza kunisumbua Ijumaa usiku naiambia ingoje Jumanne. Mara nyingi inakubali.

Nilienda siku ikitajwa. Siku hizi kesi nyingi hutajwa kwa video, kwa hivyo nilikaa chini ya mwembe mahali penye mtandao, nimevaa shati la kanisa na suruali ya shamba. Nilikuwa sijalala. Kesi yangu iliitwa, mawakili wakasema maneno machache, hakimu akatoa tarehe nyingine. Dakika nne! Wiki nzima ya kuharisha kwa ajili ya dakika nne.

Niliuliza kama tunaweza kuzungumza. Katiba, kifungu cha 159, inaitaka korti ihimize upatanisho na njia za kienyeji, na huku kwetu hatuhitaji kufundishwa hilo, watu walikuwa wakienda Nchiru kwa Njuri Ncheke kabla ya korti kujengwa. Siku hizi kuna hata mpatanishi wa kortini. Mwenzangu bado hajakubali. Lakini kujua mlango huo upo kunanisaidia kumwona kama mtu aliyeumia badala ya simba.

Na mwisho, nilimwona muuguzi. Nilienda kwa ajili ya tumbo, nikajikuta nimesema kila kitu. Kuna usiku mmoja, siku ya saba au ya nane, nilifikiria vitu ambavyo sitaandika hapa. Kama uko hapo sasa, kwa kesi, kwa deni, kwa chochote, sema leo. Kenya Red Cross wana namba ya bure, 1199, unapiga na unaongea na mtu. Usiogope kwamba ukisema utashtakiwa tena: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Ombi langu kwa wa nyumbani

Tuache kuwahukumu watu kwa sababu "wamepelekwa kortini". Mtu akishtakiwa hapa Mikinduri, kabla hajafika nyumbani stendi imeshamfunga miaka kumi na shamba lake imeshaligawa. Ndiyo maana tunaficha karatasi. Yule wa pikipiki hakushindwa na sheria. Alishindwa na macho ya watu. Ukisikia jirani ana kesi, muulize swali alilouliza wakili wangu: "Ulipewa tarehe ngapi?" Halafu umsindikize.

Kesi yangu inatajwa tena mwezi ujao. Huenda nikashinda, huenda nikalipa, huenda tukaelewana. Nitajua siku hiyo.

Karatasi sasa ziko kwa faili ya buluu, mezani, mahali kila mtu anaziona. Shosho ameanika malazi tena wiki hii. Amesema chini ya godoro hakuna kitu ila sarafu ya shilingi kumi na soksi moja.